Seva Isiyo na Mwenyewe

Miaka yote hii nimesema fundi alikosea mashine. Hakukosea. Alizima ile ile niliyoibandika karatasi nyekundu ya kuzimwa kwa mkono wangu.

Kampuni yetu ilipeleka wauguzi majumbani kwa wazee wa Brussels, na mimi, mwandishi wa insha mwenye shahada mbili na asiyeweza kubadilisha balbu, niliajiriwa kuipunguzia hewa ya ukaa. Chumba cha seva kilikuwa chini ya ofisi, karibu na Porte de Namur. Mashine zilinguruma humo usiku na mchana, nyingine bila kazi inayojulikana, na viyoyozi vikila umeme ili zisichemke. Utaratibu wa mafundi ni rahisi: ulizia mwenye mashine, asipojitokeza, zima, usikilize nani atalalamika. Mimi niliulizia kwa barua pepe, mwezi wa Agosti, wakati mji mzima uko likizo. Ukimya wao nikauhesabu kuwa ndiyo.

"Dada, si tungoje watu warudi?" fundi, Mkenya mpole, aliniuliza.

"Tumengoja wiki tatu. Dunia inaungua."

Kweli nilisema hivyo. Akazima.

Kesho yake, karibu saa sita mchana, muuguzi wetu mmoja, mama wa Bujumbura, akanipigia simu.

"Maman, père wa Uccle ameenda vacances kama wengine? Kwa liste yangu ya leo hayuko."

Père, yaani padri, alikuwa mmisionari mstaafu aliyeishi peke yake mtaa wa Uccle. Alikuwa na kisukari, na kila asubuhi saa mbili mama huyu alimchoma sindano ya insulini.

"Hayupo kabisa?"

"Niko na bantu batano tu ba kutembelea. Alors nikasema, bon, ameenda kwa dada yake."

Nilipomweleza fundi, uso ulimshuka. Wateja wa mwanzo kabisa, alisema, hakuna aliyewahi kuwahamishia kwenye mfumo mpya. Orodha yao ilitoka kwenye ile mashine. Wengine wote walishahama mji au kufa, alibaki père.

Nikapiga nyumbani kwake. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena.

"Niko Chaussée de Wavre, nachukua taxi," mama akasema nilipomrudia kwa simu. "Clé ya mlango wake ninayo. Wewe ita ambulance."

Niliita. Kisha nikakaa mbele ya grafu yangu ya umeme. Mstari ulikuwa umeshuka vizuri sana. Jana yake nilikuwa nimemtumia mkurugenzi grafu hiyo, pamoja na alama mbili za mshangao. Fundi alishuka kuiwasha mashine, akarudi, akasimama mlangoni, akasema tu kwamba imewaka. Ningependelea anitukane.

Simu ikalia.

"Maman, niko ndani. Ameanguka, jikoni."

"Anapumua?"

"Ngoja."

Nilisikia viatu, kiti kikiburutwa, kabati likifunguliwa. "Père! Père, fungua macho." Fundi alisogea karibu, nami nikageuza simu ili naye asikie.

"Anapumua, amefungua macho. Hakula kitu, sukari yake imeshuka. Mkate uko mezani, hakuugusa, alikuwa ananingoja mimi na sindano. Ninamupa maji ya sukari."

Halafu sauti ya kizee, nyembamba, kwa Kiswahili cha misheni:

"Mama, umechelewa."

"Pole, père. Kunywa kwanza."

"Anakunywa?" niliuliza.

"Anakunywa, Maman. Kikombe anashika mwenyewe."