Kisigino cha Kapteni

Wagonjwa wa kliniki ya meno walimwita Shangazi, na baada ya muda hata daktari mwenyewe akawa anamwita hivyo hivyo. Alikaa mapokezi, nyuma ya kaunta ndefu ya kijivu, simu mkononi na kalamu sikioni, akiwaambia watu wenye mashavu yaliyovimba kwamba daktari anakaribia kumaliza, jambo ambalo mara nyingi halikuwa kweli. Alikuwa mnene kiasi, mpole wa sauti, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeweza kumdhuru hata inzi. Waliomjua vizuri waliuogopa uso huo.

Mumewe alifundisha jiografia na hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya familia alipewa kaka yake, wakala wa bima, aliyewahi kuwa nahodha wa klabu ya gofu kwa msimu mmoja na tangu hapo hakutaka kuitwa chochote ila Kapteni. Kila Jumapili Kapteni na mkewe walikuja kula chakula cha mchana, na kila Jumapili mchuzi ulipoa huku yeye akieleza jinsi mpira ulivyopaa, ulivyopinda, ulivyotua. Kijiko kilikuwa fimbo. Bakuli la saladi lilikuwa bwawa. Shangazi alishazoea kula huku amekikumbatia kikombe chake kisije kikageuzwa mti.

Balaa lilianzia bafuni. Asubuhi moja Shangazi aliteleza kwenye sabuni, akatua kwa makalio, na wiki nzima akawa anakalia mto. Mtaalamu wa viungo aliyempima alimwambia mifupa haina neno, ila mwili umesahau kujishika. Inabidi auzoeze upya kwa kusimama na mguu mmoja mara kwa mara, na ikiwezekana atafute mchezo usio wa kukimbiakimbia. Jumapili ilipofika, mumewe akaisimulia habari hiyo mezani, kwa nia njema kabisa.

Kapteni akaweka kijiko chini. "Shemeji, mchezo usio wa kukimbia ni gofu, lakini gofu hutaiweza. Gofu ni kusimama imara. Wewe umeangushwa na sabuni, fimbo itakufanya nini?"

Meza nzima ilicheka. Mumewe naye alicheka, kisha akautazama uso wa mkewe, akaanza kutafuta chumvi. Shangazi alicheka kama wenzake na kumwongezea shemeji yake mchuzi.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwenye kiwanja cha mazoezi kilichoko nyuma ya klabu, sehemu ambayo watu wa hadhi ya Kapteni hawakanyagi kwa kuwa wanaamini walishamaliza kujifunza. Kocha alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kofia iliyopauka, anayetoa maneno kama mtu anayekamua dawa ya meno iliyobaki chini ya mrija. Alimpa fimbo, akamwambia apige mpira jinsi anavyojua. Shangazi akaipandisha fimbo mpaka juu, akaishusha kwa nguvu zote alizokuwa amemwekea shemeji yake. Mpira haukuguswa. Yeye mwenyewe alizunguka mzunguko mzima, akajikuta ametazamana na Kocha kana kwamba amekuja kumsalimia.

"Mpira uko kule," alisema Kocha.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuruhusiwa hata kuuona mpira. Alifundishwa kusimama tu. Miguu ipanuke sawa na mabega, magoti yalegee kidogo, uzito ukae katikati ya unyayo, usikimbilie kwenye vidole wala visigino. Akishaweza hapo, aliambiwa aibane miguu pamoja na kuizungusha fimbo polepole, maana ukiwa umebana miguu, ukizidisha nguvu unaanguka bila mtu kukusukuma. Alianguka. Alinyanyuka, akajipangusa nyasi, akaanguka upande wa pili. Kisha akafundishwa kumaliza: uzito wote uhamie mguu wa kushoto, kitovu kitazame kule mpira ulikokwenda, na asimame hivyo kama anayepigwa picha mpaka mpira utue. Asiyeweza kusimama mwishoni, Kocha alisema, ndiye aliyeharibu mwanzoni.

Kilichomshinda zaidi ni mwendo. Leo aliharakisha, kesho akazubaa, na hakuna mapigo mawili yaliyofanana. Kocha akamwambia atafute maneno anayoyasema kila siku bila kufikiri, ayaseme moyoni anapopiga. Shangazi hakuhitaji kutafuta mbali. Kazini alikuwa akishika simu na kusema "subiri kidogo" tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sauti ile ile na kasi ile ile, hata mtu wa upande wa pili awe analia. Basi fimbo ikapanda kwa "subiri" na kushuka kwa "kidogo". Mpira ukatoka, mfupi lakini umenyooka. Kocha alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Shangazi akaihesabu hiyo kuwa sifa.

Nyumbani alisema amejiunga na kikundi cha akina mama wanaofuma vitambaa. Siku moja mumewe aliuliza, bila ubaya wowote, mbona hajawahi kuona kitambaa hata kimoja. Kesho yake Shangazi alipita dukani, akanunua kitambaa cheupe chenye maua pembeni na kukitandaza mezani. Mumewe alikisifia kwa dhati na kukataa kuweka kikombe juu yake. Tatizo lilikuwa mazoezi ya sebuleni. Alitumia mwavuli badala ya fimbo, na jioni moja, kwenye "kidogo", mwavuli ulikamata pazia, pazia likavuta bomba lake la ukutani, na vyote vikamshukia kichwani. Mumewe alipotokea mlangoni alimkuta amesimama ndani ya pazia, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, hajatikisika. Akamwambia anaosha mapazia. Mwalimu wa jiografia alitazama ukuta uliotoboka, akautazama mwavuli, akaenda kutafuta nyundo.

Kazini alikuwa akisimama na mguu mmoja nyuma ya kaunta, mahali ambapo wagonjwa hawaoni. Waliona tu kwamba mhudumu wa mapokezi huwa mrefu kidogo nyakati fulani. Daktari wa meno aligundua siku alipokuja kuchukua faili, na kwa sababu alikuwa mtu wa heshima hakuuliza kitu, ila kuanzia hapo akawa anagonga mlango wake mwenyewe kabla ya kutoka.

Ikafika siku ya familia kule klabu, ambapo kila mwanachama huleta ndugu wa kucheza naye raundi fupi. Kapteni aliitangaza mezani na kumwambia shemeji yake aje angalau kushika mwavuli. Shangazi aliitikia kwamba kushika mwavuli anaweza.

Alipofika akiwa na viatu vya gofu miguuni na mfuko wa fimbo alizoazimwa na Kocha, Kapteni alidhani ni mzaha, akacheka vizuri tu. Alicheka mpaka shimo la kwanza. Mpira wa Kapteni ulipaa mbali, ukapotelea kwenye miti. Wa Shangazi ulikwenda mahali pa karibu, ukatua katikati ya nyasi zilizokatwa, ukatulia hapo ukimngoja. Akaufuata, akapiga tena vile vile. Hakuwa na pigo hata moja la kusimulia mezani. Kapteni alikuwa nayo mengi, tena ya pande zote za dunia, lakini nguvu zake zilikuwa zinamwokoa, na walipofika katikati ya raundi alikuwa mbele bado. Tena alikuwa anatoa ushauri. Hilo la ushauri ndilo lililoharibu mambo.

Shangazi alimsogelea akiwa amevaa ule uso wake. Akamsifu kwanza. Kisha akauliza kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi.

"Shemeji, nisaidie nijifunze. Ukiinua fimbo mpaka juu, kisigino chako cha kushoto huwa kimenyanyuka au kimekaa chini?"

Kapteni akakitazama kisigino chake. Miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza. Akasema ataangalia. Akainua fimbo huku jicho moja likitazama mpira na jingine likitazama kisigino, na macho ya binadamu hayakuumbiwa kazi hiyo. Mpira ulirukaruka chini chini kama chura na kuishia karibu na viatu vya watu waliokuwa wakisubiri zamu. Pigo lililofuata alikibana kisigino chini kwa makusudi. La tatu akakinyanyua kwa makusudi. Kwenye shimo la mchanga alijaribu kukinyanyua nusu, mguu ukazama, na Kapteni wa zamani wa klabu akakaa kitako kwenye mchanga mbele ya mke, mdogo wake na mhasibu wa klabu. Shangazi alimpa mkono kumnyanyua. Raundi ilipoisha alikuwa amemshinda, na njia nzima ya kurudi nyumbani mumewe aliendesha gari akiuma midomo asicheke.

Jumapili iliyofuata Kapteni hakuja. Walikula chakula cha moto, kwa utulivu, kila kikombe kikiwa kikombe. Ilikuwa raha. Jumapili ya pili ilikuwa raha kidogo zaidi ya kawaida, lakini mumewe alitazama mlango mara kadhaa. Ya tatu alikula haraka, akaenda kujilaza. Shangazi alibaki mezani akiusikia ukimya. Hakuwahi kufikiri kwamba mume wake, mtu wa maneno machache, alikuwa akiishi kwa maneno ya kaka yake.

Mke wa Kapteni alipiga simu kliniki. Kwa mara ya kwanza Shangazi hakumwambia asubiri kidogo. Alisikiliza. Yule mama alisema mumewe anashinda mbele ya kioo cha kabati akiinua fimbo na kuishusha, akijiuliza kisigino chake kilikuwa wapi zamani. Sasa shaka hiyo imehamia kwenye ngazi. Juzi alisimama katikati ya ngazi hajui atangulize mguu gani. Anazungumzia kuuza fimbo zake. "Ulichomfanyia unakijua," alisema. "Basi kifanyue. Mimi naye nyumbani siku nzima simwezi."

Kuomba radhi Shangazi aliweza, lakini alijua radhi haitakirudisha kisigino mahali pake. Akiambiwa asikifikirie, atakifikiria maradufu. Akaenda kumwuliza Kocha. Kocha alitafuna jambo hilo kwa muda, akasema mwili wa mtu kama huyo unajua kazi yake, kinachohitajika ni kumwondoa mwenye mwili.

Shangazi akampigia shemeji yake, akamwomba amsindikize kiwanja cha mazoezi kwa sababu ana maswali ya bima. Kapteni alikataa gofu, lakini maswali ya bima hakuwahi kuyakataa maishani mwake. Alikuja akiwa amekonda usoni, anatembea kama mtu aliyeazimwa miguu. Shangazi akapanga mipira chini, akamwekea fimbo mkononi eti amshikie, kisha akaanza. Je, nyumba ikiungua kwa sababu ya pasi, bima inalipa? Na kama pasi ni ya jirani? Na kama jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga pasi?

Kapteni alianza kujibu kwa upole. Swali la jirani likamkera, maana hapo watu wengi hukosea, na alipokereka akaanza kueleza kwa mikono. Fimbo ilikuwa mikononi. Akaeleza tofauti ya uzembe na ajali, na kwenye neno ajali akaupiga mpira uliokuwa karibu yake, jinsi mtu anavyogonga meza kutia mkazo. Ulipaa moja kwa moja. Hakuutazama. Shangazi akauliza kuhusu mafuriko. Mpira mwingine ukaondoka. Akauliza kuhusu mwizi aliyeingia kwa ufunguo, na hapo Kapteni alipiga mpira mzuri kuliko yote, akamaliza amesimama kwenye mguu wa kushoto, kitovu kinatazama mbele, akisubiri Shangazi akubali kwamba ufunguo unabadilisha kila kitu. Kocha, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, alivua kofia.

Ndipo Kapteni alipoyaona mapengo kwenye mstari wa mipira. Akamtazama shemeji yake, akautazama ule uso usiodhuru inzi, na polepole mambo yakamfungukia, la siku ile na la leo.

"Kumbe ulinifanyia makusudi," alisema.

"Nilikufanyia," alijibu Shangazi. "Na ile ya sabuni nayo ulinifanyia makusudi."

Kapteni akasema ile ya sabuni ilimtoka tu. Shangazi akasema basi hiyo ni mbaya zaidi, na wote wawili wakacheka mpaka Kocha akawaomba wapishe wenye zamu.

Siku hizi wanacheza pamoja Jumamosi, na mwalimu wa jiografia huwafuata nyuma na gazeti lake, akisoma kila wanaposimama. Waliwahi kuingia mashindano ya wawili wawili wakatoka karibu na mkia, kwa sababu mpira wa Kapteni bado unapenda miti, na Shangazi mpaka leo hajui kutoka kwenye mchanga. Kapteni anamwambia kila mtu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha shemeji yake kusimama. Shangazi hajawahi kumpinga mbele za watu. Huwa anangoja ainue fimbo, kisha anakohoa, kikohozi kidogo tu cha adabu, na kumwomba samahani.