Jiwe Jeupe Lililopondwa Kokoto

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanazunguka hewani, hayana cha kukanyaga. Chini yetu shimo la kokoto, na ndani ya shimo mawe yaliyochongoka. Nilikuwa nimemkumbatia mume wangu kiunoni. Akasema kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, "Mama, shuka kwa nyuma. Polepole. Usinivute."

Nikashuka. Unyayo wangu ulipogusa majani tu, pikipiki ikainama mbele ikaenda naye.

Kokoto zilimiminika muda mrefu baada ya yeye kunyamaza.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mume wangu, fundi wa magari pale Mkolani, alikuwa ameona zile pikipiki za magurudumu manne zinazokodishwa huko Ilemela, watu wanapanda nazo milimani kuliangalia ziwa. Akaniambia siku moja na sisi tustarehe kama wenye nazo. Nikamwambia, "Mzee mzima na mgongo huo?" Akacheka. "Nimeendesha trekta la pamba wewe bado unachunga mbuzi."

Mwenye yadi ya kuzikodisha alitupatia kofia ngumu zinazonuka mafuta ya nywele za watu wengine. Nikamuuliza, "Baba, anayetuongoza yuko wapi?"

"Hapa hakuna kuongozwa, mama, hapa ni uhuru. Njia nzima nimepaka mawe chokaa. Ukiona jeupe, elekea kwalo. Ukifika, tafuta lingine."

Akatoa karatasi ya Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne. Mume wangu akasaini, maana aliona haya kuuliza imeandikwa nini.

Tangu tunaanza kupanda niliogopa. Dude linanguruma, linaruka juu ya mawe. Kila jiwe jeupe tulilolipita nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Tukafika mahali njia inakata kona, na hapo hapakuwa na jiwe. Mume wangu akapunguza mwendo, akageuza shingo huku na huku.

"Turudi," nikamwambia.

"Turudi wapi? Si lile pale?"

Kweli, mbele yetu jeupe lilikuwa linang'aa. Majani yalikuwa marefu, yamesimama sawasawa kama shamba. Tukaelekea kwalo kama tulivyoambiwa. Lile jiwe lilikuwa ng'ambo ya shimo, na majani yalikuwa yamelificha shimo lenyewe.

Waliotangulia kufika ni kina mama wanaoponda kokoto chini ya ule mlima. Walimtoa kwa khanga zao. Alikuwa bado anapumua, ananitazama. Hakufika hospitali.

Mmoja wao, mikono imejaa vumbi, alilia pamoja nami halafu akasema, "Dada, pale kwenye kona jiwe lilikuwepo. Jamaa mmoja wa huku alilibeba akalipasua. Tulimwambia mwenye yadi, mara mbili tulimwambia." Akanionyesha lundo. Kokoto kadhaa zilikuwa na chokaa upande mmoja.

Sasa nawataja waliosababisha. Wa kwanza ni yule mponda kokoto. Alijua kwamba chokaa ile haikupakwa kwa urembo, akabeba. Huyo ana njaa, na njaa naijua, lakini simsamehe. Wa pili ni mwenye yadi. Huyu hana njaa. Katika mji huu kila jiwe linalobebeka ni mali ya mwenye nyundo, yeye amezaliwa hapa, anajua, na bado maisha ya watu akayaweka juu ya mawe ili asiajiri mtu wa kutangulia mbele.

Nilimfuata. Akasema, "Mama, pole sana, lakini mlisaini."

Mimi hadi leo siwezi kupanda hata ngazi bila kushika ukuta. Na kuna jambo halinipi usingizi: mume wangu alikuwa fundi, alijua uzito unavyokaa kwenye chombo. Alijua uzito wangu ndio uliokuwa umeishikilia ile pikipiki isianguke. Alijua, akaniambia nishuke.

Kwa hiyo, mwenye yadi, karatasi yako kaa nayo. Ninachotaka ni unijibu mbele ya watu, kwa Kiswahili: baada ya kuambiwa mara mbili, asubuhi ile kabla hujatupatia ufunguo, nani alipita ile njia kuhesabu mawe? Kama ni wewe, sema. Kama hakuna aliyepita, liseme hilo kwa mdomo wako, nikiwa nimesimama mbele yako.