Ingobyi Hairudi Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipokuwa kijana na magoti yangu bado yananitii. Siku hizi wananiita mzee, nadhani kwa sababu ya magoti hayo kuliko miaka yenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi kijijini kwetu upande wa Murungu, nikakaa. Wenzangu walikwenda Kasulu kutafuta maisha. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani kiasi kwamba hata kuku hawakuwa wakinikimbia. Kila kaya ina mtu wa aina hiyo, na kazi yake ni kutumwa.

Asubuhi hiyo shemeji yangu Eliza, mke wa kaka, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku kutimia, na damu ikaanza kutoka. Kaka mwenyewe alikuwa amekwenda Kasulu kuuza maharage. Mama yetu alitoka ndani akifuta mikono, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Wapigie wale wa zimamoto. Nasikia wana gari la wagonjwa."

Nikapiga. Aliyepokea akauliza tuko wapi. Nikamjibu, "Nyumbani."

Akasema, "Hata mimi nina nyumbani, ndugu yangu. Kwenu ni wapi?"

Ndipo nilipotambua kwamba mtu anaweza kukaa mahali maisha yake yote asijue kupaeleza. Nilianza na kwa marehemu fulani, nikaingia kwenye mkaratusi uliokatwa mwaka wa njaa, nikawa naelekea kwenye ugomvi wa mpaka wa mashamba, naye akanikatiza kwa upole: shule iliyo karibu ni ipi? Nikamtajia. "Basi gari linatoka," akasema. "Mlazeni, mfunikeni, msimtoe hapo. Tusubirini."

Lakini majirani walikuwa wameshafika na ingobyi. Kama hujaiona, ni machela ya kusukwa, inabebwa mabegani kwa miti miwili. Kwetu kila kitongoji kilikuwa na chama cha ingobyi, na sheria yake ilikuwa fupi: asiyebeba wa wenzake, wake habebwi. Ni mila nzuri, usije ukadhani naicheka. Kabla ya magari, ndiyo iliyotuokoa wengi wetu. Mkuu wa chama alikuwa Mzee Bukuru, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache.

"Nimeongea na zimamoto," nikamwambia. "Wanasema tusubiri."

"Zimamoto?" Akawageukia wenzake. "Kwani hapa nani anaungua?"

Wakacheka, nami nikacheka, maana ni vigumu kusimama peke yako na uso mkavu. Kisha akasema, "Mgonjwa halindwi kama mahindi, kijana. Mgonjwa hupelekwa."

Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha mkuu naye asiposikia huvunjika nani. Neno langu sikulirudia. Wakampakia Eliza, wakashika njia ya mkato ya bondeni kuelekea kituo cha afya cha mlima wa pili, Mama akiwafuata nyuma. Mimi niliachwa kulinda nyumba, kazi ambayo nilikuwa na kipaji nayo.

Hawajafika mtoni, gari likafika kwetu. Akashuka dada mmoja mwenye sare, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikanyoosha kidole bondeni. Kutoka pale ingobyi ilionekana kama punje iliyobebwa na siafu.

Hakufoka. "Kile kituo hakifanyi upasuaji," akasema. "Wakifika kule watatupigia simu sisi hawahawa, na sisi tutazunguka barabara nzima kumfuata. Gari halishuki huku. Mimi na dereva tunakuja na vifaa. Wewe, miguu unayo?"

Nilikimbia, mwanangu. Waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wanitazame, kwa sababu hawakuwahi kuniona nikikimbia. Niliwakuta wabebaji ukingoni mwa mto.

"Rudini," nikasema nikihema. "Gari liko juu."

Mzee Bukuru hakugeuza hata shingo. "Ingobyi hairudi nyuma."

"Mzee, kituoni hawapasui."

"Ingobyi inayogeuka njiani, unajua imebeba nini."

Nilijua. Sote tulijua. Kwetu mgonjwa akishatolewa hageuzwi kabla hajatibiwa; ingobyi inayorudi nusu ya njia imebeba maiti. Kumgeuza aliye hai ni kumwitia kaburi, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kulijaribu hilo juu ya shemeji wa mtu. Na Eliza alikuwa ameacha kulia. Anayesema mwanamke akinyamaza amepata nafuu, hajawahi kukaa karibu na uchungu.

Mama akafika, akamfunua uso, akamfunika. "Bukuru, wekeni chini."

"Mama, haturudi."

"Nani kasema mrudi? Nasema pumzikeni. Kupumzika nako ni mwiko?"

Si mwiko. Wakaweka chini.

"Sasa badilishaneni. Wa mbele wamechoka. Wa nyuma waongoze."

Hilo nalo si mwiko, hufanywa kila mlima. Lakini waliokuwa nyuma wakigeuka kuongoza, mbele yao ni kilima chetu, na juu ya kilima ni gari. Wanaume wakamtazama Mzee Bukuru. Naye akamtazama Mama, muda mrefu kwa mtu mwenye haraka.

"Ingobyi sijaigusa," akasema Mama. "Geukeni nyinyi."

"Sisi kugeuka ni kawaida yetu," akajibu Mzee Bukuru, akainama akashika mti.

Tulikutana na watu wa zimamoto katikati ya mlima, wakamwekea maji ya mshipa pale pale, hao tukapanda hadi kwenye gari, nalo likampeleka hospitali. Eliza alipona, ndiye huyo anayekuletea ndizi. Mtoto hatukumpata. Daktari, mgeni wa kutoka Lindi, alituambia hawezi kusema kama ile safari ya bondeni ndiyo iliyomchukua au alikuwa ameshaondoka. Namshukuru kwa kutotudanganya. Mzee Bukuru alikaa hadi matanga yalipoanuliwa. Chama kilipokutana tena, alisimama akasema, "Kuanzia leo ingobyi inampeleka mgonjwa barabarani, kwenye gari. Huko ndiko mbele." Akaketi.

Basi, mwanangu, nikuachie haya. Jifunze kueleza kwenu kwa mtu asiyepajua, na ujifunze leo ukiwa umetulia, maana siku ya damu ulimi huwa mzito. Ukiambiwa na daktari au mwenye gari subiri, kusubiri ni kazi, si uvivu. Mtume mtu akasimame njia panda kulielekeza gari. Mila usiitupe, ina mabega. Ila iulize inampeleka wapi mgonjwa. Na ukiwa na neno la kuokoa mtu, wakubwa wakilicheka, cheka nao kidogo kwa adabu, kisha liseme tena.

Mungu akupe majirani wenye mabega, na wazee wanaokubali kuuweka mzigo chini wakapumzika. Akukinge na kukimbilia kusikofaa. Na ukijibu "nyumbani", pawe mahali ambapo msaada unaweza kupafikia.