Mshipa wa Kushoto

Nilianguka na pikipiki pale Hamugembe, mchana kweupe, mbele ya watu wanaonijua. Kofia ya kujikinga nilikuwa nimelivisha tangi la mafuta, maana kichwa changu nilikiona kigumu vya kutosha. Nikapiga jiwe kwa paji la uso, juu ya jicho la kushoto. Nilipoinuka, jicho lile lilikuwa wazi, halina hata wekundu, na halioni kitu.

Aliyeshika usukani wa ugonjwa wangu ni baba mdogo, mchuuzi wa samaki anayekwenda na kurudi kisiwa cha Goziba, mtu anayejua kila kitu isipokuwa alichoulizwa. Hospitalini daktari alinimulika tochi, jicho moja kisha jingine, akaagiza nipigwe picha ya kichwa. Baadaye akasema polepole, "Jicho lenyewe ni zima. Kilichoumia ni mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo."

Akaongeza kwamba hana dawa ya kuniahidi, kwamba nyingine zingeweza kunidhuru zaidi, na kwamba wapo ambao nuru huwarudia yenyewe. Nirudi baada ya wiki.

Baba mdogo alikuwa amesikia neno moja tu.

"Mshipa!" alisema tulipotoka nje, uso umemchangamka. "Huo tunaujua sisi."

Kule visiwani wanaume huvuta nyavu na kunyanyua mizigo mpaka wanapata mshipa, ule wa kinena, unaomfanya mtu atembee ametanua miguu. Dawa yake ni mizizi ya kuchemsha. Akamwendea muuzaji wa mizizi hiyo, akaomba dawa ya mshipa. Muuzaji, bingwa wa sehemu za chini, akauliza ni upande gani.

"Kushoto," akajibu baba mdogo, na hakuna aliyedanganya.

Akaniletea dumu la maji meusi nyumbani kwangu Rwamishenye, anajisifu tangu mlangoni. Mimi, mwalimu wa sayansi, nikamweleza kwa dharau yote niliyokuwa nayo, "Baba, hii ni dawa ya mapumbu."

"Mshipa ni mshipa, waitu. Kwani mwilini si yote imeunganika?"

Nikanywa. Asubuhi na jioni, siku saba, kwa sababu msomi mwenzangu aliniambia ningoje, na mjinga huyu alinipa kitu cha kumeza. Yeye nilimdharau kwa kutojua. Mimi nilijua, nikamaliza dumu.

Wiki ilipoisha tukarudi. Daktari akanifunika jicho la kulia, akauliza naona vidole vingapi. Nyuma yangu baba mdogo akanong'ona, "Vitatu."

"Vitatu," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepona.

Daktari akamwomba atoke nje. Nikasikia mlango ukifungwa.

"Na sasa?"

Sikujua hata kama alikuwa ameinua mkono.