Mhadhiri Aliyekataa Ripoti Kumi na Moja

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ni mhadhiri wa biashara chuo kikuu. Ubongo ule kaurithi ujombani. Baba yake, mtu wa watu, alikuwa mpole tu. Mimi shule niliiacha njiani, lakini makochi ninayotengeneza karakanani yamekaliwa na wasomi wasioweza kunyoosha msumari uliopinda.

Alisoma hapohapo, enzi chuo ni vyumba vitatu na taipureta zinazokwama herufi. Walifundishwa kuandika barua, kutunza daftari la mauzo na kumtazama mteja usoni. Lengo lilikuwa moja: utoke ukijua kuuza bila kudanganya na kununua bila kudanganywa. Leo ni Kitivo cha Biashara, ghorofa tano za vioo, na lengo sijui limepotelea ghorofa ya ngapi. Vijana wanafunga tai, wanataja "ubunifu" kila baada ya maneno matatu, na hawajawahi kuuza hata kiberiti.

Mpwa wangu ndiye aliyepigania muhula wa vitendo: kila mwanafunzi akae wiki sita karakanani au dukani, ashike kazi, kisha aandike alichokiona. Aliuombea vikaoni miaka minne. Walipomkubalia, alikuja kwangu akicheka peke yake njiani.

Mwaka huu akaja na bahasha, hacheki.

"Mjomba, vijana wangu kumi na mmoja walifika hapa?"

"Kumi na mmoja? Ningewaweka wapi, juu ya sponji?"

Akatoa ripoti zao, akanisomea. Eti nina wafanyakazi ishirini, idara ya masoko, na ni kiongozi mwenye maono. Chini, muhuri wa duara wenye jina langu. Muhuri sijawahi kuwa nao, na idara ya masoko ni mimi nikipiga soga mlangoni.

"Hapo kwenye maono wamepatia," nikasema.

"Acha utani, mjomba. Zote ni ripoti moja. Wamebadilisha majina tu, na mmoja hata hilo kasahau."

Utani ukanitoka. Nimenusa gundi miaka thelathini, lakini karatasi zile zilinuka kuliko gundi.

Kesho yake akaja mkuu wa kitivo mwenyewe, viatu vinang'aa, akaogopa kukalia kochi lisilovishwa kitambaa. Alitaka nisaini kwamba vijana walifika. Wakianguka wote, wakaguzi watauliza, na muhula wa vitendo utafutwa.

"Ni kwa faida ya mpwa wako, mzee," akasema. Halafu, kama aliyekumbuka tu, akaongeza kwamba ukumbi wao unahitaji viti mia mbili.

Sitawaficha, mkono uliniwasha. Nikampigia mpwa wangu simu palepale.

"Ukisaini wewe," akajibu, "itabidi na mimi niandike kwamba niliwakagua. Basi tutakuwa waongo kumi na watatu."

Sikusaini. Mkuu aliondoka bila kuaga. Mpwa wangu akabandika alama: kumi na mmoja wameanguka. Muhula ukafutwa kweli, na siku hizi wanafunzi wanatazama picha za viwanda ukutani na kupewa alama kwa kutazama. Mkuu kapandishwa cheo. Uchafu mtupu.

Mpwa wangu bado anafundisha. Jana alinisomea barua yake mpya ya kuomba muhula urudishwe, kurasa sita. Nikamwambia akate tatu, wale hawasomi.

"Nitakata mbili," akasema, akakaa kwenye mbao na kalamu, kuanza kuzikata.