Kiti Kitupu cha Dada Yangu

Juzi nilikuwa soko la samaki la Katonga nachagua migebuka, muuzaji akasimamisha mizani akaniuliza, "Mzee, umesikia? Yule fundi umeme wa magari wa Buzebazeba ametutoka." Nikamrudishia samaki wake. Wasomaji wangu, shule niliiacha mapema na mambo ya nyaya siyajui, ila fundi yule, aliyeingia Kigoma kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, aliwahi kunihangaikia kiti kimoja cha gari, na mpaka leo naisimulia habari hiyo.

Gari langu liliwaka taa ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka kumkinga mtu gari likigonga, ikagoma kuzimika. Na mimi nilikuwa nimpeleke dada yangu mkubwa Kasulu, kwenye harusi ya mjukuu wake wa kike, na dada yangu hakai nyuma. Kwetu mkubwa ni mbele. Nikalipeleka kwa fundi, akainama kwenye kiti cha abiria, akanusa. "Mzee, hapa anakaa mtu au mgebuka?" Nikamwambia ndoo ya samaki na barafu yake husafiri hapo, maana nyuma inapinduka. Akacheka, akasema maji ya samaki yameua kifaa cha ndani ya kiti, kile kinacholiambia gari kwamba kuna mtu. Nikamwomba aizime taa tu, harusi haingoji. "Kuizima naweza," akasema. "Lakini mkigonga, mfuko wa dada yako usipofunguka, nitamwambia nini?" Basi tukangoja kifaa kije.

Kilipofika, akazima gari, akachomoa waya wa betri, akaenda kunywa chai. Nikadhani uvivu. Kumbe umeme hubaki ndani kwa muda, na ukigusa mapema zile plagi za njano za nyaya za mfuko wa hewa, mfuko unaweza kukulipukia usoni. Aliporudi akafungua kiti, akafunga kifaa kipya, akakaza bolti, akarudisha betri. Ikabaki mashine ya kupimia ilifundishe gari uzito wa kiti kitupu. Kugeuka, dada yangu ameshapanda, kanga mpya, mkoba mapajani.

"Shikamoo bibi. Naomba ushuke kidogo."

"Marahaba. Nishuke, kwani gari lako?"

"Gari linajifunza kiti kitupu, bibi. Likijifunza ukiwa umekaa, litaamini wewe ndiye kiti."

"Mimi kiti?"

Mimi ningesema lipimwe hivyo hivyo, twende zetu. Fundi yeye akachuchumaa mlangoni, mashine mkononi, akaanza kumuuliza habari za bwana harusi, wa ukoo gani, analima nini kule. Dada yangu akamchambua yule kijana mpaka akachoka, kisha akasema, "Sogea basi, ninyooshe miguu." Akashuka mwenyewe. Gari likapimwa. Fundi akamfungulia mlango kwa mikono miwili, akamketisha, na ile taa haikuwaka tena.

Nimeishi sana kando ya ziwa hili. Nimeona boti zikiondoka zimelalia upande mmoja kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia mzee asogee. Tunaita adabu, kumbe ni woga umevaa kanzu. Fundi yule hakumvunjia dada yangu heshima wala hakuipunguza kazi yake hata kidogo, na vyote viwili alivifanya amechuchumaa.

Jana msibani dada yangu alikaa na wafiwa, akawaambia, "Huyu ndiye pekee aliyenishusha garini nikafurahi." Mimi nimeondoka na hili: heshima ya kwanza ya abiria ni kufika.