Nyasi za Plastiki Msibani

Sina uso wa kulisimulia hili mbele ya wakwe zangu, kwa hiyo nawasimulia nyinyi, na naomba mcheke kidogo kidogo kwa sababu mimi mwenyewe bado sijaweza kucheka. Hapa Kibagabaga kuna majirani wakiniona wanageukia simu zao, na wana haki.

Mimi ni mtu wa Morogoro, niko Kigali kwa kazi ya kampuni ya kusafirisha mizigo, nimeoa hapa hapa, mke wangu anaitwa Uwera. Bosi wetu ni mtu wa gofu, na kazini kila mtu anajua kwamba vyeo vinagawanywa Jumamosi uwanjani, Jumatatu vinatangazwa tu ofisini, basi nami nikaona nisiachwe, nikaanza kujifunza (fimbo ya kuazima, mikono ya kulimia mahindi), na nilipoona mpira haunitii nikaamua kujenga kiwanja kidogo cha gofu nyuma ya nyumba, cha nyasi za plastiki, nifanye mazoezi asubuhi bila mtu kunicheka. Mafundi wakachimba, wakashindilia kokoto na mchanga, wakatandika zulia la kijani, wakatoboa vishimo na kuchomeka vibendera. Palipendeza, siwezi kudanganya. Nilikuwa sitaki hata mtu apakanyage na viatu.

Baba mkwe, ambaye wote tulimwita Muzehe, alikuwa anaishi nasi tangu alipoanza kuumwa, tulimtoa kwake Gahanga ili awe karibu na hospitali. Alifuga ng'ombe maisha yake yote. Alizishika zile nyasi, akazivuta, akaniangalia kwa huruma.

"Mukwe wangu, hii majani, ng'ombe iko inakula?"

Nikamwambia hapana, Muzehe, hii ni ya mchezo. Akasema "Eh," akaenda kukaa upande wa pili. Haukupita mwezi akafariki.

Sasa sikilizeni. Wenyewe huku wakifiwa wanakaa ikiriyo, yaani matanga yao, watu wanakuja kila jioni, na uani unawashwa moto wa kuni ambao hauzimwi mpaka siku ya kumaliza msiba. Nilijua hilo, sikuwa mgeni. Shemeji yangu Gasana, kaka mkubwa wa Uwera, alikuja na kuni akauliza moto ukae wapi, na kwangu sehemu tambarare ya kukaa watu ilikuwa moja tu, nayo nilikuwa nimeitandika zulia, nikamwambia auweke mbele, karibu na geti. Kisha kiwanja changu nikakizungushia kamba. Kamba, jamani, kama foleni ya benki. Gasana aliiangalia, akabeba kuni zake akaenda mbele.

Jioni ya pili mvua ikanyesha, na mbele kwangu kuna mteremko, maji yakawa yanapita katikati ya viti vya watu. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetoka na mwavuli kumpokea bosi barabarani, alikuja kutupa pole (na roho yangu mbaya ilikuwa inawaza kama atakiona kiwanja). Huku nyuma wanaume wakahamisha hema, wakabeba moto juu ya bati, wakaupeleka mahali palipobaki pakavu. Mnajua ni wapi.

Namwingiza bosi uani, nakuta kamba imefunguliwa, watu wamekaa na viatu vya matope juu ya zulia langu, na mzee mmoja wa ukoo amesimama anaeleza maisha ya marehemu, jinsi alivyowalea wadogo zake baada ya wazazi kufa, watu wametulia kabisa. Nikajikaza. Ningeendelea kujikaza, lakini gogo moja likateleza kwenye bati, kaa likadondoka, nikaona nyasi zinajikunja na moshi mweusi unapanda, harufu ya plastiki ikanipanda kichwani, nikasikia mtu anapiga kelele, "Nyasi zangu! Toeni moto kwenye nyasi zangu!" na mtu huyo alikuwa mimi. Kabla hajatokea wa kunishika nikachukua ndoo ya maji ya kunawa mikono nikaimwaga yote juu ya moto.

Ukazimika wote. Majivu yakamrukia yule mzee suti nzima, akabaki na neno lake mdomoni. Hakuna aliyenitukana, na ningetukanwa ingekuwa nafuu. Mama mmoja akaanza kulia upya. Bosi akanishika bega, akasema "mwihangane," pole yao ya msiba, akaondoka bila kugusa chai.

Gasana akaja akasimama karibu yangu, akaniita shemeji kwa lugha yao, akasema taratibu:

"Muramu, ile moto haikuwa yetu. Ilikuwa ya Muzehe."

"Samahani shemeji, niliona zinaungua..."

"Ile kitu uliona, wote tumeiona."

Wakakunja hema mvua bado inanyesha. Matanga yakahamia Gahanga kwa Gasana, wakawasha moto mwingine, na Uwera akaenda nao. Kesho yake nami nilienda, nikapewa kiti, nikapewa na fanta, na hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Heshima ya watu wa huku ni nzuri mpaka inauma.

Uwera alirudi msiba ulipokwisha. Hakugomba. Aliweka begi chini, akaniuliza:

"Baba alipokata roho, wewe ndiye ulikuwa umemshika mkono, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na hukutoa sauti. Nikasema sawa, kuna wanaume wako hivyo, hawana sauti ya kulia." Akavua viatu vyake, akavipanga ukutani. "Kumbe sauti uko nayo."

Zulia nimelibandua mwenyewe, fimbo nimeirudisha kwa mwenyewe, cheo amepata mwingine na sikumwonea hata wivu. Gofu sigusi tena. Na msiba ukiingia kwangu, Mungu aepushe, moto wakitaka wauwashe hata sebuleni juu ya makochi, mimi nitakaa nyuma kabisa, mbali na ndoo ya maji.